Nilivyoitikia Jina la Mzee Mbele ya Hakimu

Lunyo, Jumatatu jioni

Ndugu zangu wa chumba namba tisa kule chuoni,

Leo nimechekwa na mahakama nzima. Si kuchekwa kwa kuziba mdomo. Nimechekwa mpaka askari wa mlangoni akaegemea ukuta. Halafu nikalia. Halafu mahakama nzima ikalia pamoja nami, na niwaambie kweli, hilo ni baya kuliko kuchekwa.

Nawaandikia barua moja tu, mpitishiane. Atakayeisoma mwisho aichome. (Najua hamtaichoma.)

Kwanza asanteni kwa rambirambi. Zote tatu zimefika. Na kwa sababu hamkumjua Mzee, lazima niwaambie kidogo alikuwa nani, la sivyo mtacheka mahali pasipofaa.

Mzee wangu alikuwa mpimaji wa pamba. Miaka ishirini na saba amesimama kando ya mzani. Wakulima wa Paya na Kisoko walikuwa wanapita vituo viwili vya karibu, magunia vichwani, ili pamba yao ipimwe na yeye. Walisema mzani wa Wandera haulali upande. Hakuwahi kuitwa polisi, wala kwa chifu, wala mahakamani, hata kuwa shahidi. Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu, na kwa kuwa sheria inataka gari la mizigo liwe na jina la mwenyewe mlangoni, akachukua brashi akaandika kwa mkono wake: Y. WANDERA, BUSIA. Herufi ya mwisho ilikosa nafasi. Imebanwa pembeni kama mtu aliyechelewa ibada.

Alifia hospitali ya Tororo siku ya Jumatano, wiki mbili zilizopita. Alhamisi nikaenda kumchukua na pikapu yake mwenyewe. Binamu yangu Were, ambaye ndiye anayejua kuendesha, alikuwa upande wa Kenya anauza vitunguu. Basi nikashika usukani mimi. Nyuma kulikuwa na sanduku, turubai juu yake, na wanawake watatu. Mkubwa wao alikuwa Senge Nabwire, dada yake Mzee. Senge ni shangazi, lakini kwetu Senge ni zaidi ya shangazi. Senge ni serikali.

Kabla sijawasha gari akanipa sharti moja.

"Gari lililobeba maiti halirudi nyuma. Ukirudisha nyuma, unamrudisha alikotoka. Umesikia?"

Mimi ni mtu mwenye digrii. Nikakubali mara moja.

Tukaingia mjini kununua kitambaa cheupe. Mtu mwenye akili timamu angesimama mbele ya duka. Mimi nikaanza kufikiri. Nikisimama kushoto, jua litapiga sanduku. Nikisimama kulia, pale pana kilabu cha pombe, na vicheko vya walevi si heshima kwa Mzee. Nikaenda mbele, mbele, mpaka mwisho wa barabara, nikaona mahali pazuri pasafi. Kivuli. Mawe mawili yamepakwa chokaa. Katikati kuna kibao: HAPA NI GARI LA BWANA DC TU. Sikukiona.

(Nilikiona. Lakini rangi yake ilikuwa imepauka, nikafikiri ni kibao cha wakati wa wakoloni, na kwamba DC aliyetajwa pale alikwisharudi kwao na meli. Hoja hiyo ilinichukua dakika nzima, na nilipoimaliza niliiona haina kasoro.)

Senge akashuka kununua kitambaa. Aliporudi, lori la pamba lilikuwa limekuja likasimama mbele yetu. Gurudumu limepasuka. Mbele lori. Kushoto ukuta. Kulia mtaro. Nyuma, ndugu zangu, palikuwa wazi mpaka Mbale.

Akaja konstebo, kijana mrefu wa Kiteso.

"Wewe! Nani nakwambia simama hapa? Rudisha gari nyuma!"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka kule nyuma. "Harudi."

"Mama, mimi nasema na dereva."

"Na mimi nasema na wewe. Ndugu yangu ametoka hospitali, anakwenda nyumbani. Huko nyuma amesahau nini?"

Konstebo akazunguka, akainua pembe ya turubai, akaona. Akavua kofia yake, akaiweka juu ya boneti. "Pole sana, mama," akasema. Kisha akalamba ncha ya penseli na kuanza kuandika. "Lakini kazi ni kazi. Hapa ni ya DC."

Akalisoma jina la mlangoni herufi moja moja na kulinakili. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kumwambia, "Afande, huyo unayemwandika ndiye aliyelala ndani ya sanduku." Maneno manane tu. Lakini nikafikiri: nikisema hivyo, Senge si ataanza kilio hapa barabarani? Na huyu konstebo si ataona haya? Na mtu mwenye haya na penseli si ataandika makosa mengine mawili? Nilipomaliza kufikiri, karatasi ilikuwa tayari kwenye kioo. Ilikuwa samansi. Y. Wandera afike mahakamani Tororo, Jumatatu ya leo, saa tatu asubuhi.

Tukakaa pale saa mbili, mpaka lori likabadilishwa gurudumu. Hatukurudi nyuma hata kidole.

Tukamzika Ijumaa. Sasa kuna jambo la ukoo wetu ambalo lazima mlijue. Mgeni akija matangani hapigi hodi. Anasimama langoni na kumwita marehemu kwa jina, kwa sauti kubwa, kana kwamba yuko ndani anavaa viatu. "Wandera!" Na jina la mtu wa nyumbani halipigiwi kelele nje likakosa wa kuliitikia. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayeitikia kwa niaba yake: "Niko!" Ndipo mgeni anaingia, analia, anakaa, anapewa chai.

Kwa siku kumi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Walikuja kutoka Lunyo hii hii, wakaja kutoka Kenya, wakaja wakulima wa Paya kwa baiskeli. "Wandera!" "Niko!" "Wandera!" "Niko!" Siku ya kwanza nilisimama wima kila nilipoitikia. Siku ya nne nilikuwa naitikia bila kuinua kichwa kutoka kwenye sahani. Sikulia hata mara moja. Anayeitikia hawezi kulia. Sauti ataitoa wapi?

Jana Jumapili Were akaja, akaikuta samansi mezani.

"Digrii," akaniambia (haniiti jina langu tena), "hii ni kesi ya dakika mbili. Fika kwa karani. Sema mzee amefariki. Rudi nyumbani unywe uji."

Nikamweleza kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe. Nikisema amefariki, watafunga faili, na shtaka litabaki humo milele bila kujibiwa. Mtu ambaye mzani wake haukulala miaka ishirini na saba atakuwa ameacha sentensi moja tu katika vitabu vya serikali: alisimamisha gari mahali pa DC.

"Nataka jina lake lisafishwe," nikasema.

"Na nani?"

"Na hakimu. Hadharani."

Were akairudisha samansi mezani. "Huko Kampala ulisomea nini?"

"Historia."

"Basi ndiyo sababu."

Nikaandika utetezi. Kurasa kumi na moja. Tatu kuhusu desturi ya kutorudi nyuma, mbili kuhusu lori, moja na nusu kuhusu kama DC asiyekuwepo anaweza kumiliki kivuli. Maisha ya Mzee yalikuwa ukurasa wa saba. Nikawasomea ng'ombe. Yule mwekundu aliondoka kwenye ukurasa wa nne. (Ningemsikiliza.)

Leo asubuhi nikafika mahakamani saa moja na nusu, mimi, Senge, na Were aliyetuendesha. Koti jeusi, la kuazima. Niliwaza barabara nzima kama nimsalimie hakimu kwa mkono au kwa kichwa. Karani alikuwa mezani, akaniuliza, "Shida gani?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Karani yuko peke yake, hana haraka, anakula karanga. Nikasema, "Nimekuja kwa kesi ya Wandera."

Akaangalia orodha. "Ya tano. Kaa."

Nikakaa. Senge akakaa kando yangu, kichwa kimenyolewa kwa matanga. Zikapita kesi nne: mbuzi, pombe ya waragi, mbuzi tena, mke aliyerudi kwao na sufuria zote. Karani akatoka barazani, kama desturi yao ilivyo, akaita kuelekea uwanjani.

"Wandera!"

Mimi nilikuwa napanga kurasa.

"Wandera!"

Nikakumbuka niliyosoma: mshtakiwa akiitwa mara tatu asiitike, hakimu anaweza kutoa amri akamatwe. Nikaona askari wanaingia nyumbani kwetu na pingu. Nikaona mama anawaonyesha kaburi. Nikaona wanatazamana.

"Wandera!"

"Niko!"

Haikuwa sauti yangu ya kawaida. Ilikuwa ile ya matangani, inayotoka tumboni na kufika langoni. Hata karani alirudi ndani akiwa ameshtuka.

Wakanipeleka kizimbani. Hakimu alikuwa mtu mfupi mwenye mafua, leso mkononi. Alitumia Kiswahili, maana mle ndani kulikuwa na Wasamia, Wajopadhola, Waiteso na Wajaluo, na kila mmoja alitaka kuisikia kesi ya mwenzake.

"Wewe ndiye Y. Wandera?"

Jibu ni moja. Lina herufi sita. Hapana. Lakini nikafikiri: nimeitikia mbele ya mashahidi. Nikikana sasa, nitakuwa nimeidanganya mahakama pale mlangoni. Nikikubali, nitaidanganya hapa kizimbani. Uongo upi una adhabu ndogo? Nilikuwa bado napima (mtoto wa mpimaji!) karani aliposema, "Amenyamaza, bwana hakimu. Niandike ni yeye?"

"Andika. Umri?"

"Ishirini na n... sitini na moja."

Benchi la nyuma likacheka. Hakimu akanitazama juu ya miwani.

"Chagua moja."

"Sitini na moja." (Msiniulize.)

"Umejitunza vizuri sana," akasema hakimu. Hapo ndipo askari alipoegemea ukuta.

"Kazi?"

"Mpimaji wa pamba. Nimestaafu."

Sasa nawaambia jambo ambalo nisingemwambia mtu mwingine. Nilijisikia vizuri. Mikono yangu ilikuwa imekwenda yenyewe nyuma ya mgongo, kama Mzee alivyokuwa akisimama mzanini. Kwa muda wa maswali mawili Mzee alikuwa na umri, alikuwa na kazi, na watu walikuwa wanamtazama. Hakimu angeendelea, nami ningeendelea. Ningempa saizi ya viatu vyake.

"Umeoa?"

"Ndiyo. Mke wangu anaitwa Tabitha."

"Wewe!"

Nadhani sauti hiyo ilisikika Busia. Senge alikuwa amesimama juu ya benchi. Juu, ndugu zangu, miguu yote miwili.

"Wewe Ojiambo! Mama yako aliyekuzaa unamwita mke mbele ya serikali? Bwana mkubwa, usiandike! Huyo si Wandera! Huyo ni mtoto wake! Wandera nimemvisha sanda mimi, kwa mikono hii, yuko kaburini Lunyo!"

Ndipo walipocheka wote. Yule wa mbuzi alicheka. Yule wa sufuria alicheka mpaka mkewe, waliyekuwa wametoka kugombana naye, akampiga mgongoni ili apumue. Hakimu akagonga meza mara tatu, akapiga chafya, akagonga tena. Akaitwa konstebo wa samansi.

"Siku hiyo ulimwona mwenye gari?"

"Niliona, bwana hakimu."

"Wapi?"

"Kwa sanduku."

"Alikuwa hai?"

"Hapana, bwana hakimu. Alikuwa maiti kabisa."

"Na ukampa samansi?"

"Mimi napa gari, bwana hakimu. Jina ilikuwa kwa mlango."

Kicheko kikahamia kwake kidogo, nikapumzika. Lakini hakimu akanirudia. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. Nilikuwa nimeandika aya nzima ya kuomba radhi.

"Kijana. Kwa nini hukusema tu kwamba baba yako amefariki?"

Nikatoa kurasa zangu kumi na moja. Nikazifungua kwa haraka, zikachanganyika. Nikapata lori. Nikapata kivuli cha DC. Nilikuwa nautafuta ukurasa wa saba, ule wa Mzee, nikaukosa. Nikasema bila karatasi: "Hajawahi kuitwa hapa, bwana hakimu. Maisha yake yote. Sikutaka aitwe mara ya kwanza halafu asiwe na wa kumjibia."

Na hapo nikalia.

Si machozi ya kiungwana ya kufuta kwa kidole. Nililia kama ndama. Nililia na makamasi. Nilikuwa sina leso, nikafutia ukurasa wa tatu, na wino wa ukurasa wa tatu ukabaki usoni. (Sikujua. Nimeambiwa na Were.) Siku kumi na moja zilitoka zote pamoja, kizimbani, mbele ya mtu wa waragi.

Senge aliposikia mrithi analia, akafanya linalofanywa. Akaweka mikono kichwani na kuangua kilio. Wanawake wa benchi la nyuma, ambao hawatujui hata kwa jina la kijiji, wakasimama wakapokea. Mzee mmoja wa Paya, aliyekuja kwa kesi ya mbuzi, akauliza, "Wandera yupi? Yule wa mzani?" Akaambiwa ndiye. Akavua kofia, akaingia katikati ya mahakama na kuita kwa sauti: "Wandera! Wandera!" Na wengine wakaita naye.

Mara hii hapakuwa na mtu wa kuitikia. Mimi nilikuwa nimeshika ubao wa kizimba, sauti sina. Jina likazunguka mle ndani, likatoka dirishani, likaenda zake.

Askari akamtazama hakimu. Hakimu akaweka kalamu chini na kusubiri. Alifuta pua. Akasema ni mafua.

Tulipotulia akatoa uamuzi. "Marehemu hashtakiwi. Jina lake liondolewe."

Karani akachukua rula na wino mwekundu. Akaweka rula juu ya jina la Mzee na kupiga mstari, taratibu, ulionyooka sana. Niliuona kutoka pale niliposimama. Nilikuwa nimekuja kulisafisha jina, nikasimama nikalitazama likikatwa.

"Nani aliyekuwa akiendesha gari?" akauliza hakimu.

"Mimi."

"Jina lako. Lako wewe."

"Ojiambo Wandera."

"Ulisimamisha gari mahali pa DC?"

"Ndiyo."

Baada ya kurasa kumi na moja, neno moja. Ndiyo. Nikapewa onyo na kuambiwa niende nyumbani. Karani akaniandika chini kabisa ya ule mstari mwekundu. Kwa hiyo sasa katika kitabu cha serikali kuna Wandera aliyekatwa na Wandera mwenye hatia, mmoja juu ya mwingine, na wote wawili nimewaweka humo mimi. Were alitazama saa ya ukutani. Sehemu hiyo ya mwisho ilichukua dakika moja na kidogo.

Nje, Senge alinisimamisha, akalowesha pembe ya kitenge kwa mate na kunifuta wino shavuni, kama mtoto wa miaka minne, mbele ya watu wa mbuzi.

"Umelia," akasema.

"Ndiyo, Senge."

"Vizuri. Watu walikuwa wanasema mtoto wa Wandera amesoma mpaka macho yamekauka."

Ndiyo hayo, ndugu zangu. Kama mtashindwa kujizuia kucheka, chekeni mmoja mmoja, msicheke pamoja. Somo nililopata ni fupi kuliko digrii: hakimu akikuuliza kama wewe ndiye baba yako, sema hapana haraka, kabla hujaanza kutamani jibu liwe ndiyo.

Wenu,
Ojiambo